Feri ya Winam: Wakati wa kuivuka ghuba na wakati wa kuizunguka

KILA mwezi wa Desemba, na karibu kila Ijumaa inayotangulia mazishi ya Jumamosi, magari yanayotoka Nakuru kuelekea magharibi hupanda kilima cha Sachang'wan hadi Mau Summit, kisha yakagawanyika. Yanayokwenda Eldoret hushika njia ya kulia. Yanayokwenda Kericho na Kisumu hushika ya kushoto.

Wengi wa wanaoshika kushoto hawatambui kwamba mbele yao kuna njia panda nyingine isiyokuwa na kibao chochote cha barabarani. Ni uamuzi wa kuizunguka Ghuba ya Winam kwa barabara au kuivuka kwa feri, gari likiwa juu yake.

Uamuzi huo ukifanywa vyema, huokoa mafuta na karibu nusu siku ya safari. Ukifanywa vibaya, familia iliyobeba jeneza hujikuta ufuoni jua likizama, feri ya mwisho imekwisha kuondoka, nao waombolezaji wanawasubiri ng'ambo ya maji.

Winam, ambayo ramani za zama za ukoloni huiita Kavirondo, ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya ardhi ya Kenya kuelekea mashariki kwa umbali wa kilomita 60 hivi. Jiji la Kisumu limekaa kwenye ncha yake ya ndani. Kaskazini mwa mkono huo ni Siaya, na kusini ni Homa Bay.

Mdomoni mwa ghuba, pale inapokutana na ziwa kuu, pwani hizo mbili zinakaribiana. Upande wa kaskazini kuna Luanda K'Otieno, kituo kidogo cha wavuvi na wachuuzi katika eneo la Rarieda. Upande wa kusini kuna mji wa Mbita. Siku isiyo na ukungu, anayesimama ufuoni Luanda huiona milima ya upande wa Mbita pasipo taabu.

Hata hivyo, anayetaka kufika huko kwa barabara hana budi kuyapa mgongo maji. Hurudi bara hadi Ndori, akaenda Kisumu, akapita Ahero na Katito, akashuka Kendu Bay na Homa Bay, na hatimaye akafika Mbita. Mzunguko huo unazidi kilomita 200. Kwa feri, safari ya majini huchukua muda usiozidi saa moja au zaidi kidogo, kutegemea upepo na uzito wa shehena.

Hapo ndipo hesabu huwapotosha watu wengi wa Bonde la Ufa. Msafiri wa Nakuru akisikia kwamba feri inafuta kilomita 200, hudhani itazifuta katika safari yake pia. La. Kilomita hizo ni za mtu anayeanzia mdomoni mwa ghuba. Anayetoka Nakuru huifikia ghuba kwenye ncha yake ya ndani, ambako pwani ya kaskazini na ya kusini zote zipo mbele yake kwa umbali unaokaribia kulingana.

Mfano ulio wazi ni Ahero. Dereva aliyeteremka kutoka Kericho na kupita Awasi akifika hapo anaweza kukata kushoto kuelekea Katito na Kendu Bay, na kutoka hapo kwenda moja kwa moja hadi Mbita. Akiamua kufuata feri, atalazimika kusonga mbele hadi Kisumu, apite Ndori, afike Luanda K'Otieno, asubiri zamu yake, alipe nauli, ndipo avuke. Urefu wa barabara katika njia hizo mbili hautofautiani kwa kiasi cha kutajika. Kwa hivyo, anayekwenda Mbita pekee kutoka Nakuru hana sababu ya kuitafuta feri, isipokuwa kama anapenda upepo wa ziwa.

Aidha, anayekwenda Bondo au Usenge pekee haihitaji kabisa.

Feri inamfaa msafiri wa tatu, yule mwenye shughuli katika pwani zote mbili. Huyu si adimu kama inavyodhaniwa. Ni mwanamume wa Nakuru aliyezaliwa Uyoma na kuoa Rusinga, ambaye sikukuu haiishi bila kuwaona wazazi na wakwe. Ni mfanyabiashara anayenunua omena katika fuo za pande zote mbili ili auze mjini Nakuru. Ni mwalimu anayeongoza wanafunzi katika ziara ya historia: Bondo, kwenye makaburi ya Kang'o ka Jaramogi alikozikwa Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994 na mwanawe, Raila Odinga, Oktoba 2025, kisha kisiwani Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969.

Kwa mwalimu huyo, makaburi hayo yaliyo karibu sana kwa ndege arukaye yametenganishwa na safari ya siku nzima kwa basi la shule. Kwa feri anaweza kuyatembelea yote mawili kabla ya jioni, mradi afike Luanda mapema.

Wakazi wa Nakuru wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko Wakenya wengi, kwa kuwa mji wao ulikua kutokana na swali lilo hilo la kuvuka maji au kuyazunguka. Reli kutoka Mombasa iliyopita Nakuru ilifika ufuoni mwa Winam Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Reli hiyo iliitwa ya Uganda ingawa haikufika katika Uganda ya leo. Abiria na mizigo viliteremshwa hapo na kupandishwa melini.

Hata meli zenyewe zilipitia Nakuru. Winifred, iliyoshushwa majini mwaka 1902, ilisafirishwa kwa reli ikiwa vipande vipande kabla ya kuunganishwa Kisumu.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Kila gunia lililotoka au kwenda Uganda lilibebwa mara mbili zaidi ya ilivyostahili, kutoka behewani hadi melini, na tena kutoka melini hadi gatini upande wa pili. Ndipo tawi jingine la reli likachepuka kutoka Nakuru, likapanda vilima vya Timboroa, likafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Mizigo mingi iliyovuka ziwa ikahamia kwenye njia ndefu ya nchi kavu, nayo Nakuru ikawa makutano makuu ya reli. Mji huo, uliotawazwa kuwa jiji Desemba 2021, ulinufaika kwa sababu wahandisi waliamua kulizunguka ziwa.

Katikati ya miaka ya 1960 fikira ziligeuka tena. Meli mbili, Umoja na Uhuru, ziliundwa zikiwa na reli juu ya sitaha, ili mabehewa yaingie na kutoka yakiwa na shehena yake. Behewa lililopita Nakuru usiku liliweza kufika Mwanza au Jinja pasipo gunia hata moja kuguswa na mchukuzi.

Hilo ndilo wazo lililo nyuma ya feri ya magari. Watu husema feri ina kasi, lakini chombo cha Mbita huenda polepole kuliko matatu mbovu kabisa katika barabara ya Njoro. Faida yake ni kwamba gari halipakuliwi. Lori la viazi kutoka Molo huingia feri likiwa limejaa, na hutoka likiwa limejaa, dereva akiendelea na safari kana kwamba alisimama kunywa chai.

Kwa sababu hiyo, hesabu ya kwanza ambayo msafiri anapaswa kuifanya ni ya kusubiri. Kuizunguka ghuba kutoka Luanda hadi Mbita huchukua saa nne au tano kwa gari dogo, hasa msongamano wa Kisumu ukihesabiwa. Feri yenyewe huchukua takriban saa moja. Tofauti ni saa tatu au nne. Mtu akisubiri saa tatu ufuoni, amekwisha kuila faida yote ya muda, na kilichosalia ni mafuta tu.

Feri huvuka mara chache kwa siku, na mchana. Ratiba hubadilika kutokana na hali ya chombo, hali ya ziwa na idadi ya wateja. Anayefika Luanda bila kuuliza kwanza hucheza bahati nasibu. Njia ya hakika ni kumpigia simu mwenyeji aliye karibu na gati siku iliyotangulia, na kumpigia tena asubuhi ya safari kabla ya kuondoka Kisumu. Akiambiwa chombo kina hitilafu, bado ana nafasi ya kugeuza gari kuelekea Ahero.

Jambo jingine ni nafasi. Sitaha ya feri haina kona ya kubana gari. Lori moja huchukua nafasi ya magari madogo matatu au manne, na msafara wa mazishi wenye magari sita hauwezi kutarajia kuvuka kwa pamoja. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Gari lililobeba mwili huvuka kwanza, kisha jamaa wenye vyakula, hema na viti wanaachwa nyuma wakisubiri zamu ijayo. Penye msafara mkubwa, huwa ni busara magari yenye vifaa yapitie Homa Bay tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na feri iachiwe magari mawili matatu.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja hutumia lita 20 kwa kila kilomita 200. Msafiri na azidishe lita hizo kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, kisha alinganishe na nauli ya feri. Akumbuke kwamba gari hulipiwa kwa ukubwa wake na abiria hulipiwa kando. Hapa si kama Likoni, Mombasa, ambako avukaye kwa miguu halipi chochote. Dereva aliye peke yake ndani ya gari dogo hupata nafuu iliyo wazi. Matatu yenye watu 14 inahitaji kalamu na karatasi.

Kuna pia suala la hofu, na halifai kupuuzwa. Watu wengi waliokulia nyanda za juu hawajui kuogelea, na habari wanazozisikia kuhusu feri ni za maafa tu. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na kuua watu 272. Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, na zaidi ya watu 220 wakafa. Katika mikasa yote miwili, chombo kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi.

Mkasa wa Likoni wa Septemba 29, 2019 ulikuwa wa namna nyingine. Gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri iliyokuwa safarini, likazama na mama na bintiye waliokuwa wameketi ndani. Ilichukua karibu wiki mbili kuliopoa.

Funzo lake kwa anayevuka Winam ni la moja kwa moja. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda feri, na wasirudi ndani hadi litue ng'ambo. Dereva avute breki ya mkono, aache gari likiwa kwenye gia, na ahakikishe kuna kigingi cha mbao nyuma na mbele ya gurudumu. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, watoto wakiwemo, na lifungwe kifuani. Likiwekwa mapajani halimsaidii mtu. Mamlaka ya Safari za Majini nchini, KMA, ndiyo inayokagua vyombo hivi, lakini mkaguzi hawezi kuwepo katika kila safari. Anayeona maji yakikaribia ukingo wa sitaha, au umati umejibana upande mmoja, ana haki ya kubaki ufuoni hata kama amekwisha kulipa.

Pamoja na hayo, anayeiogopa feri na kuiamini barabara anapaswa kukumbuka ni barabara ipi aliyoipita asubuhi. Ni Sachang'wan ambako moto wa lori la mafuta uliua zaidi ya watu 100 mwishoni mwa Januari 2009. Ni Londiani Junction ambako lori lililopoteza mwelekeo liliua watu 52 mnamo Juni 30, 2023, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Kilomita 200 za kuendesha gari, hasa jioni dereva akiwa amechoka, nazo zina hatari yake, ingawa haionekani kwa macho kama mawimbi.

Ziwa lenyewe lina tabia zake. Kwa kawaida asubuhi maji hutulia. Mchana nchi kavu inapopata joto, upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huanza kuinuka mdomoni mwa ghuba, ambako hakuna kisiwa cha kutosha kuyazuia. Anayeugua kichefuchefu atafanya vyema kuvuka kabla ya saa tano.

Magugu maji, yaliyoanza kulisumbua ziwa upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, huzisumbua zaidi Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, ambako upepo huyasukuma na kuyafungia. Mdomo wa ghuba, ulio karibu na maji ya wazi, hauyapati kwa wingi huo. Lakini kupanda kwa kina cha ziwa hakukuchagua mahali. Mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipofikia kimo ambacho hakikuwahi kuonekana tangu miaka ya 1960, fuo na gati nyingi zilifunikwa. Watu wa Nakuru hawakuhitaji kuelezwa, kwani wakati huo huo ziwa lao wenyewe lilikuwa limevunja mipaka yake na kumeza barabara na majengo ya hifadhi ya wanyama.

Swali ambalo husikika kila mara ufuoni Luanda ni kwa nini pasijengwe daraja. Wanaouliza hutazama Tanzania. Kwa miaka mingi, magari yaliyotoka Mwanza kuelekea Sengerema na Geita yalivuka Ghuba ya Mwanza kwa vivuko kati ya Kigongo na Busisi, na foleni ya saa kadhaa ilikuwa jambo la kawaida. Mnamo Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la takriban kilomita 3 mahali hapo, lililopewa jina la mtangulizi wake, hayati John Magufuli. Gari sasa huvuka kwa dakika chache tu.

Ulinganisho huo una mipaka. Mdomo wa Winam kati ya Luanda na Mbita ni mpana zaidi kwa mbali kuliko Kigongo na Busisi, na idadi ya magari haikaribii ile ya barabara kuu inayoiunganisha Mwanza na mikoa ya magharibi. Kilichowezekana upande wa Kenya ni kidogo zaidi. Katika miaka ya 1980, mlango mwembamba kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga ulijazwa mawe na udongo ili magari yapite. Tuta hilo likafunga mkondo wa maji, wavuvi na wanasayansi wakalalamika kwa miaka, hadi lilipofunguliwa na kujengewa daraja katika muongo wa 2010. Kwa hiyo, anayeshuka kwenye feri Mbita leo hahitaji chombo kingine ili kufika Rusinga.

Na kwa kuwa amekwisha kufika pwani ya kusini, hana haja ya kurudi kwa feri. Njia ya nyumbani ni Homa Bay, Kendu Bay, Katito hadi Ahero, kisha Awasi na Kericho. Akiondoka Mbita saa mbili asubuhi, atakuwa amevuka Londiani na Mau Summit alasiri, na kuteremka Sachang'wan na Salgaa kungali mwanga, kabla malori ya usiku hayajaanza kushuka.